Robo Saa, Karibu na Bauska

Kiweke kinasa sauti hapo, kando ya birika,
mbali na dirisha. Paka huyu hutafuna nyaya.
Umezaliwa mwaka gani, Mārtiņš?
Basi hukuwapo. Vema. Msimulizi humhitaji asiyekuwapo.

Waliokutangulia waliniuliza: uliona nini, bibi?
Niliona mabua ya shayiri ng'ambo ya barabara.
Niliona Zhiguli ya kijani, milango wazi, redio ikinguruma.
Hao milioni mbili sikuwaona,
niliwasoma gazetini.
Mimi niliona watu kumi na wanne,
na wa kumi na nne alikuwa amelala begani kwa babaye.

Agosti themanini na tisa, saa moja jioni,
saa ya kukamua.
Ng'ombe wa ushirika walikuwa wakilia, viwele vimewajaa,
nami, mkamuaji wa miaka ishirini na sita,
kwa mara ya kwanza niliwapa kisogo.

Mnyororo ulitoka Vilnius hadi Tallinn,
nchi tatu, mkono kwa mkono.
Kushoto kwangu alisimama fundi wa kinu cha mbao,
kidole chake cha shahada kimeishia kwenye fundo la pili.
Kiganja kikavu, cha kuaminika.
Kulia palikuwa na pengo.
Hatua mbili, labda tatu.
Mama mmoja alikwisha fungua kitambaa cha kichwani
tuzibe kwa hicho,
ndipo akaja mtu anakimbia, ameitupa baiskeli mtaroni,
anahema, ananuka kitunguu.
Ilgonis.

Zima hicho kwanza.

Machi arobaini na tisa Ilgonis alikuwa karani wa halmashauri,
kijana wa mwandiko mzuri.
Mama aliusifu: herufi zake, alisema, kama shanga uzini.
Kwa shanga hizo aliandika jina la baba,
la mama,
langu, na pembeni umri wangu: tisa.
Siku kumi na nane ndani ya behewa la mifugo.
Mama alifia huko, ardhi ikakataa sururu,
tukamfunika kwa theluji
tukangoja Mei.

Sasa mkono wake uko mbele yangu, umenyooka.
Alinijua. Nilimjua. Kijiji chote kilijua,
na yule mama wa kitambaa akaanza kukifunga tena kichwani, polepole,
macho chini.
Redio ikasema: sasa.
Nikaushika.

Usije ukaandika kwamba nilisamehe.
Nilishika.
Kama hujui tofauti, kaa kwanza, kunywa chai.

Ulitetemeka, ule mkono, kama ndama aliyedondoka sasa hivi.
Nilitaka uwe na kucha. Ulikuwa mkono wa mzee tu,
nami, mpumbavu, nilitazama vidoleni
nitafute wino.

Kisha neno likaja kutoka kusini,
mdomo kwa mdomo,
limevuka mpaka kwa Kilithuania, limefika kwetu kwa lugha yetu.
Uhuru.
Lilinifikia kwa kinywa chake.
Halikuwa na njia nyingine ya kunifikia.
Nikalipokea, bado lina joto la pumzi yake na kile kitunguu,
nikamgeukia fundi wa kidole kifupi, nikampa,
naye akalipeleka kaskazini.

Robo saa ikaisha. Watu wakaachana, wakacheka, wakalia,
wakaanza kutafuta magari yao.
Sisi tulichelewa kidogo.
Nani aliyechelewa, sijui. Nimejiuliza miaka ishirini na mitano.
Hakusema kitu. Aliiokota baiskeli, mnyororo umechomoka,
akaikokota.

Nami nikaenda kwa ng'ombe.
Niliosha mikono kwa sabuni, nikaisuuza,
nikaiosha tena.
Usilitafutie maana hilo. Ndivyo ilivyo sheria ya maziwa.

Haya, washa.
Uliniuliza hali ya hewa.
Ilikuwa jioni ya joto, bila upepo.